Fundi umeme unayeanza kujitegemea: acha kukodi muhuri, tafuta leseni yenye jina lako

Mwanzisha uzi (Iringa)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Uzi huu nawaandikia mafundi umeme waliotoka karibuni mikononi mwa mabosi wao, au waliomaliza chuo na sasa wanapokea simu za wateja wao wenyewe. Nitazungumzia Tanzania Bara, ambako EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ndiyo inayotoa leseni za ufungaji wa mifumo ya umeme. Wenzetu wa Zanzibar wana ZURA kama mdhibiti na ZECO kama shirika la umeme, kwa hiyo wasizichukue taratibu za huku kama zilivyo.

Naanza na jambo lililonigharimu mimi. Kwa miaka saba nilifanya wayaringi hapa Iringa, Kihesa, Ipogolo na Mkwawa, bila kuwa na leseni. Kazi nilikuwa naijua. Nilikuwa natindua kuta, nalaza mabomba, navuta nyaya, nafunga maini swichi na kuwasha taa zote mbele ya mwenye nyumba. Lakini mteja anapotaka kuomba umeme TANESCO, panahitajika jina la mkandarasi, namba ya leseni yake, saini na muhuri. Hapo ndipo nilipokuwa nakwenda kwa mkandarasi mmoja mwenye leseni, namkabidhi fedha zake, naye anagonga muhuri palepale mezani bila kuuliza hata nyumba iko upande gani wa mji. Mafundi wengi wanaujua mtindo huu, na wengi wanaihesabu fedha ile kama gharama ya kawaida ya kazi, sawasawa na nauli ya bodaboda au bei ya misumari.

Mambo mawili yalinifanya niache. La kwanza lilitokea katika nyumba moja ya Kihesa, ambako niliitwa na mama mmoja aliyelalamika kwamba ukutani, karibu na bafu, panatoka harufu ya kitu kinachoungua kila mtu anapooga. Mnajua baridi ya Iringa ilivyo, na nyumba nyingi siku hizi zina hita ya kuogea inayopasha maji papo kwa papo. Ile ya mama ilikuwa ya wati 5,500. Ukigawanya 5,500 kwa volti 230 unapata karibu ampia 24, na fundi aliyetangulia alikuwa ameilisha hita hiyo kwa waya wa milimita 2.5 za mraba uliopita ndani ya bomba moja na nyaya za soketi za vyumba viwili. Mwanzoni aliweka breka ya ampia 20, nayo ikawa inaanguka kila mara mtu akioga, maana ndiyo kazi yake. Mama alipomwita kulalamika, fundi akaitoa akaweka ya ampia 40, na tangu siku hiyo breka haikuanguka tena. Ndugu zangu, breka ya ampia 40 juu ya waya wa milimita 2.5 haiulindi waya huo dhidi ya mzigo unaouzidi uwezo. Mzigo ukizidi, kinachoungua kwanza ni waya wenyewe, tena ndani ya ukuta. Nilipofungua boksi la swichi ya hita nilikuta ganda la waya limelainika, limegeuka rangi ya kahawia na kunata kwenye skrubu kama lami.

Kisha nikafuata waya wa eathi, yaani ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, kutoka kwenye maini swichi hadi nje. Fimbo ya eathi ilikuwa imekatwa nusu, nafikiri nusu ya pili iliwekwa kwenye nyumba ya jirani, na ilizama kiasi cha urefu wa kiganja na kidogo, chini ya ukingo wa paa pasipofikiwa na mvua. Niliishika kwa mkono mmoja nikavuta, ikatoka. Watu watano walikuwa wanaoga kwa hita ya umeme katika nyumba ile, na hicho ndicho kilichokuwa kinga yao.

Mama akaniletea bahasha ya karatasi zake za umeme. Muhuri uliokuwa kwenye nakala ya fomu ulikuwa wa mkandarasi yule yule niliyekuwa namlipa mimi.

Jambo la pili lilikuja nilipoamua hatimaye kuomba leseni yangu mwenyewe. Nilitakiwa kueleza uzoefu wangu na kuuthibitisha. Nilikuwa nimefunga nyumba nyingi kiasi kwamba nyingine sizikumbuki, lakini kila iliyounganishwa umeme ilikuwa na jina la mtu mwingine kwenye fomu. Miaka saba ya jasho langu ilikuwa imejenga sifa za mtu ambaye hakuwahi kupanda ngazi katika nyumba hata moja kati ya hizo. Hasara hii ya muhuri wa kukodi haizungumzwi sana, nami naiona kubwa kuliko fedha: unaajiriwa na wateja wako mwenyewe, lakini kwenye kumbukumbu hujawahi kufanya kazi.

Sasa nije kwenye taratibu zenyewe.

Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 ndiyo msingi, na chini yake zipo kanuni za huduma za ufungaji umeme. Kufunga mfumo wa umeme katika jengo ni kazi inayohitaji leseni, na kuifanya bila leseni ni kosa la kisheria hata kama umeifanya vizuri. Leseni zimepangwa kwa madaraja ya herufi. A ndilo lenye mamlaka mapana kuliko yote, kisha B, C na D, na D huishia kwenye umeme mdogo wa njia moja, yaani ule wa volti 230 unaoingia katika nyumba zetu nyingi za kawaida. Lipo daraja W la mafundi wa kutandaza nyaya, na lipo S la kazi maalumu. Daraja unaloweza kuomba hutegemea kiwango cha elimu yako ya ufundi na uzoefu ulio nao, kwa hiyo usione haya kuanzia chini. Fundi mwenye daraja D lililo lake anasimama imara kuliko fundi anayetembea na muhuri wa daraja B ambao si wake.

Maombi hufanyika kwa mtandao, katika mfumo wa EWURA unaoitwa LOIS. Kabla ya kukaa mbele ya kompyuta, hakikisha vyeti vyako, kitambulisho chako cha taifa, picha na wasifu wako vimeshaskaniwa na vinasomeka, na hakikisha zaidi ya yote kwamba majina yanafanana. Fundi mwenzangu mmoja alikuwa na jina la kati kwenye cheti cha chuo ambalo halipo kwenye kitambulisho, akalazimika kwanza kwenda kuapa hati ya kiapo kwa wakili ndipo akaendelea. Malipo hufanywa kwa kontroo namba inayotolewa na mfumo. Mtu yeyote akikuambia umtumie ada kwenye namba yake ya simu ili akuharakishie leseni, huyo ni kishoka, na unachonunua kwake hakitakusaidia siku utakapokaguliwa.

Mimi niliitwa kwenye usaili, na hapo nilijifunza mengi kuliko nilivyotarajia. Sikuulizwa namna ya kufunga soketi. Niliulizwa kwa nini waya wa eathi haupitishwi kwenye swichi wala kwenye breka. Niliulizwa nitajuaje kwamba nyaya nilizozivuta hazijachubuka ndani ya bomba kabla sijawasha umeme. Niliulizwa nitafanya nini kama ardhi ni kavu na ya mawe na kipimo cha eathi kinakataa kushuka. Kama hujawahi kushika mega, yaani kifaa cha kupimia ganda la nyaya, maishani mwako, swali la pili litakuumbua. Jibu ni kwamba unazima kila kitu, unachomoa vifaa na balbu, unapima ukinzani wa ganda la nyaya kwa volti 500, na ukipata chini ya megaohmu 1 huwashi mpaka umepata tatizo lilipo. Fundi mzoefu wa mtaani anajua kutafuta hitilafu ambayo imeshatokea. Usaili unataka kujua kama unaweza kuiona kabla haijaua mtu, na hizo ni akili mbili tofauti ambazo mimi nilikuwa na moja tu.

Baada ya leseni ndipo mambo ya biashara yafuate, na haya nitayapitia haraka kwa sababu hayana ugumu. Chukua TIN kutoka TRA, ambayo hutolewa bure. Ukitaka kufanya kazi kwa jina lisilo lako binafsi, sajili jina la biashara BRELA kupitia mfumo wao wa mtandaoni. Lakini fahamu kwamba jina la biashara halikutenganishi na madeni yake kama kampuni inavyofanya, ukidaiwa unadaiwa wewe. Kisha nenda halmashauri ukate leseni ya biashara. Nasisitiza hapa: leseni ya biashara ya halmashauri inakuruhusu kufanya biashara, haikuruhusu kufunga umeme. Nimewaona mafundi wameining'iniza ukutani dukani wakiamini wamemaliza. Na kama lengo lako ni kuingia mikataba ya miradi ya ujenzi kama kampuni ya ukandarasi, ipo Bodi ya Usajili wa Makandarasi, yaani CRB, ambayo ina kundi la makandarasi wa umeme na masharti yake mwenyewe. Huko utafika ukishakua.

Jambo la mwisho kwa leo ni mipaka ya daraja. Mwezi wa tatu tangu nipate leseni ya daraja D niliitwa kijijini kufunga mashine ya kusaga ya njia tatu. Mteja alikuwa ananijua, fedha ilikuwa nzuri, na kazi yenyewe nilishawahi kuifanya mara nyingi nikiwa chini ya bosi. Niliikataa na kumpeleka kwa mwenzangu wa daraja C, ambaye alinichukua kama msaidizi wake na kunilipa siku zangu. Nilikosa faida kubwa, lakini kazi ile iliingia kwenye daftari langu kama uzoefu halali chini ya mtu mwenye leseni, na hiyo ndiyo itakayonipandisha daraja.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

Fundi wa Morogoro

Mkuu, nashukuru kwa uzi huu, umenigusa mahali panapouma. Mimi nimefundishwa kazi na mjomba wangu tangu nilipomaliza darasa la saba. Nina miaka kumi na mbili kwenye kazi hii, watu wananiamini, lakini sina cheti chochote cha ufundi. Ukisema daraja linategemea elimu ya ufundi, maana yake watu kama mimi tumeshafungiwa mlango. Nikirudi kukaa darasani miaka miwili, familia itakula nini?

Mwanzisha uzi (Iringa)

Ndugu yangu wa Morogoro, mlango haujafungwa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, na uliwekwa kwa ajili ya watu waliofundishwa kazini kama wewe. Unakwenda chuo cha VETA kilicho karibu nawe, unajaza maombi, wanakupima kwa vitendo na kwa mahojiano ili waone unachokijua na usichokijua, unapewa mafunzo ya kuziba mapengo, kisha unafanyiwa tathmini na kupewa cheti. Huanzi kufundishwa namna ya kushika koleo.

Nitakuambia ukweli kuhusu mapengo, maana nimewasaidia vijana wawili kujiandaa. Mafundi waliofundishwa mtaani mikono yao huwa safi, wakati mwingine kuliko ya wahitimu. Wanapoanguka ni kwenye hesabu za mzigo, kwenye michoro na kwenye vipimo. Kwa hiyo kabla hujaenda, kaa jioni moja na karatasi: orodhesha vifaa vyote vya nyumba uliyoifunga mara ya mwisho, jumlisha wati zake, gawa kwa 230, kisha jiulize kama maini swichi uliyoweka na nyaya ulizovuta zinaendana na jibu ulilopata. Chora nyumba hiyo kwa rula, taa zake, swichi zake na soketi zake, ukionyesha kila sakiti inaanzia kwenye breka ipi. Ukiweza kumweleza mtu mwingine mchoro huo bila kuonyesha ukuta wenyewe, umeshafika mbali.

Mhitimu, Dar es Salaam

Shikamooni wakubwa. Mimi nimemaliza VETA ngazi ya pili mwaka jana. Cheti ninacho, lakini uzoefu wa kuandika kwenye wasifu sina, na makandarasi niliowafuata wanataka mtu mwenye uzoefu tayari. Wapo waliokubali kunigongea muhuri kwa malipo, lakini hakuna aliyekubali kunichukua nikae chini yake. Je, nifanye kazi za mtaani kwanza nikusanye uzoefu kimyakimya?

Mkandarasi wa Mwanza

Marahaba mdogo wangu. Naomba nikujibu mimi kwa sababu mimi ndiye mtu wa upande wa pili, nina leseni yangu na ninafuatwa kila wiki na vijana kama wewe.

Kwanza niseme wazi kwamba sikubaliani kikamilifu na mwanzisha uzi. Mkandarasi anayegonga muhuri bila kuona nyumba anafanya kosa, hilo halina utetezi. Lakini tusiwafanye wote kuwa wahalifu. Wapo wanaogonga kwa sababu wanamjua kijana, wanaijua mikono yake, na wanajua kwamba bila muhuri ule kijana hapati kula. Zaidi ya hapo, afisa wa TANESCO huja kwenye nyumba kabla ya kuunganisha umeme, kwa hiyo muhuri wangu si jicho pekee.

Kwa kijana: usifanye kimyakimya. Mfuate mkandarasi na pendekezo lililonyooka. Mwambie: mteja ni wangu, nitafanya kazi kwa mikono yangu, wewe utakuja mara mbili, mara ya kwanza kabla plasta haijapigwa na mara ya pili siku ya kupima, na ujira wako wa usimamizi ni kiasi fulani kilichomo katika makadirio ninayompa mteja. Mimi nimewakubali watatu kwa masharti hayo. Mwisho wa mwaka nawaandikia barua inayotaja nyumba walizofanya.

Mwanzisha uzi (Iringa)

Kaka wa Mwanza, pendekezo lako la ziara mbili ni zuri kuliko chochote nilichoandika mimi, na laiti ningelipata miaka saba iliyopita. Hata hivyo niruhusu nipinge lile la afisa wa TANESCO. Afisa anakuja kupima umbali wa nyumba kutoka kwenye nguzo, kuona mahali mita ya LUKU itakapokaa na kukadiria vifaa vitakavyohitajika, na hata akikagua ndani kwa makini kiasi gani, anakuta plasta imeshakauka na rangi imepakwa. Bomba lililopita chini ya dirisha na waya uliounganishwa katikati ya ukuta kwa utepe haviwezi kuonekana siku hiyo. Aliyepaswa kuviona ni mtu aliyeweka saini kwamba kazi ilifanyika chini yake. Kwa hiyo muhuri ndilo jicho pekee kwa yale yaliyomo ukutani, na ukigongwa mezani nyumba inabaki haijaonwa na mtu.

Kijana wa Dar es Salaam, fuata ushauri huo, na nunua daftari gumu leo hii. Kila kazi iandike: tarehe, mtaa, aina ya jengo, idadi ya sakiti, ukubwa wa nyaya, majibu ya vipimo, na jina na saini ya msimamizi. Piga picha za mabomba kabla ya plasta na uzihifadhi kwa jina la kazi hiyo. Mimi nilianza daftari nikiwa nimechelewa, lakini picha za miezi kumi na minne ndizo nilizoonyesha nilipoulizwa nimefanya nini.

Fundi wa Makete

Naomba tusiusahau upande wa vijijini. Huku mteja analipa shilingi 27,000 kuunganishiwa umeme, kwa hiyo anapoambiwa gharama ya wayaringi wa nyumba ya vyumba vitatu, yenye fimbo ya eathi, swichi ya kinga ya RCCB na nyaya zenye alama ya TBS, anaona fundi anamwibia. Wengine huishia kwenye kifaa cha UMETA, yaani Umeme Tayari, ambacho kinaifaa kabisa nyumba ndogo ya chumba kimoja au viwili isiyohitaji wayaringi. Lakini mwenye vyumba vitatu na friji anatafuta fundi wa bei ndogo, na fundi wa bei ndogo hana leseni. Sisi tuliojisajili tunashindanaje na huyo?

Mwanzisha uzi (Iringa)

Swali zito, na sitajifanya kwamba leseni inashusha bei. Ninachofanya mimi ni kuvunja makadirio yangu vipande vipande. Siandiki "wayaringi, jumla kiasi fulani". Naandika fimbo ya eathi na bei yake, RCCB ya miliampia 30 na bei yake, na mbele ya kila kimoja naeleza kwa maneno ya nyumbani kazi yake. Kwa RCCB naandika: hii ndiyo inayokata umeme mtoto akishika waya. Katika kazi zangu za mwaka huu ni mteja mmoja tu aliyesoma sentensi hiyo akaniambia niiondoe, na huyo nilimwachia kazi yake.

Jambo lingine ni kwamba fundi wa bei ndogo naye humlipa mwenye muhuri. Mteja akijumlisha kile na kile, mara nyingi tofauti yetu inabaki ndogo kuliko alivyodhani, kwa sababu kwangu muhuri umo ndani ya kazi.

Mwenye nyumba, Kibaha

Mimi si fundi, ni mama ninayejenga. Nimesoma uzi wote na sasa nina hofu, maana fundi wangu aliniambia leseni anayo lakini sikuwahi kuiona. Nitajuaje kama ni ya kweli? Na je, nikimwomba anionyeshe hatachukia?

Mwanzisha uzi (Iringa)

Mama yangu, asikutie hofu. Fundi mwenye leseni aliisotea, atafurahi ukiiomba. Tazama jina kwenye leseni na ulilinganishe na kitambulisho chake, tazama daraja, na tazama tarehe ya mwisho, kwa sababu leseni huisha muda na lazima ihuishwe. EWURA hutoa orodha ya wenye leseni, na ofisi zao za kanda zipo, kwa hiyo ukiwa na mashaka unaweza kuuliza. Kama leseni ni ya mtu mwingine ambaye fundi anasema ni bosi wake, omba bosi huyo aje kabla plasta haijapigwa. Asipokuja, usiruhusu plasta.

Siku ya makabidhiano, mwambie fundi apime mbele yako na akuandikie majibu: kipimo cha ganda la nyaya, kipimo cha eathi, na jaribio la RCCB. Usijaribu kuyafasiri namba kwa namba. Karatasi yenye namba, tarehe na saini yake tayari imemfanya apime.

Fundi wa Mombasa

Salaam kutoka Pwani ya Kenya. Nimeona niongeze kwa faida ya wanaovuka mpaka kutafuta kazi. Kwetu mdhibiti ni EPRA chini ya Sheria ya Nishati ya mwaka 2019, na madaraja yetu ni C2, C1, B, A2 na A1, C2 likiwa la kuanzia. Lipo jambo ambalo wengi hulikosea: leseni ya fundi kama mtu binafsi ni tofauti na leseni ya ukandarasi, na anayejitegemea anahitaji kuzielewa zote mbili. Waliojifunza kazini hupitia majaribio ya ufundi ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Leseni ya Tanzania haikufanyi kuwa na leseni Kenya, wala ya Kenya haikupi ruhusa Tanzania, hata kama nyumba unayoifunga iko Lungalunga na wewe unalala Horohoro.

Muhuri wa kukodi na kwetu upo. Nilifikiri ni ugonjwa wetu peke yetu.

Fundi wa Morogoro

Narudi na habari. Wiki iliyopita nilikwenda VETA kama mlivyonishauri. Nimepokewa vizuri na nimejaza fomu ya kurasimisha ujuzi. Nimewekwa kwenye kundi litakaloanza kupimwa likishatimia. Jioni zile za hesabu nimezifanya tatu. Ya kwanza niligundua kwamba katika nyumba ya shemeji yangu niliyoifunga miaka minne iliyopita niliweka jiko la umeme na soketi za jikoni kwenye sakiti moja. Jumamosi nilikwenda, nikavuta waya wake peke yake wa milimita 6 kutoka kwenye maini swichi, bila kumtoza. Shemeji aliniuliza kwani kimeharibika nini.

Swali langu kwa mwanzisha uzi: kwenye daftari, kazi kama hii ya kurekebisha nyumba niliyoifunga mwenyewe nayo niiandike?

Mwanzisha uzi (Iringa)

Iandike, tena iandike yote: ulivyoikuta, hesabu uliyofanya, na ulichobadilisha. Weka picha ya breka kabla na baada. Halafu mtafute hapo Morogoro mkandarasi mwenye leseni aje aione na kukuwekea saini, na mwambie wazi kwamba ya kwanza ulikosea mwenyewe.